Siku Mpole Alipooshwa

Bwenini, tarehe 4 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na mzigo wako umefika salama kuliko mimi, maana njia nzima niliupakata huku begi langu la nguo likirushwarushwa kwenye buti la basi. Abiria wa pembeni aliniuliza kama ni mtoto. Nikamwambia ndiyo, amelala, naomba usicheke kwa nguvu.

Tunapigia filamu kwenye shule iliyofungwa. Mimi nimepewa chumba cha matroni, kamera inalala kwenye kabati la mashuka. Simu haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na unajua mimi na urefu hatupatani, kwa hiyo tutaandikiana barua kama ulivyotaka. Najua umefurahi. Barua nawapa watu wa basi la asubuhi, jioni unayo.

Niombee, Shangazi. Hii ndiyo filamu yangu ndefu ya kwanza, na hawakunichukua kwa uzuri wangu. Mwongozaji amekua akitazama sinema zako. Alisema mbele ya watu: "Nataka nyuso kama za shangazi yake, zile zinazoonekana zimetoka kuoga na zimesamehewa." Ndipo nikasema ninayo lenzi yako yenyewe, ile ya milimita hamsini uliyoiita Mpole. Akanipa mkataba palepale. Sasa kuna kijana mmoja amekaa mkao wa kula. Ana kamera mpya zisizotumia filamu, ana taa za kila aina, na tajiri wa filamu anampenda kama mkwe. Majaribio yangu yakiharibika, yeye anaingia, mimi narudi kupiga picha za harusi.

Niambie basi, wewe mwenyewe ulipenda kutumia nini? Kamera yako, Cherehani, ninayo, na ile kelele iliyompa jina bado anayo. Filamu ninunue ipi? Sema yote, usinibanie.

Halafu jambo moja. Jana nilimgeuza Mpole nikamtazama nyuma. Nimeona. Sikutegemea, nilishtuka kidogo. Lakini usijali, heshima yangu kwako ni ileile.

Wako,
Jicho


Nyumbani, tarehe 6 Juni

Jicho wangu,

Marahaba, na Mungu akuongoze. Umeniuliza swali ambalo nikianza kulijibu jua linazama, kwa hiyo kaa kitako.

Kamera: wanaume wa kazi yetu waligombea kamera kubwa kama wanaogombea mchumba. Mimi nilimchukua Cherehani kwa sababu anakaa begani, na akikwama namfungua kwa kisu cha siagi. Kelele yake mfunike blanketi, lakini liwe la sufu. La nailoni linatoa cheche, na cheche ikipiga filamu utapata radi katikati ya harusi ya watu.

Filamu: nunua ya mkebe wa manjano, ile ya mchana, ya taratibu. Inakula mwanga kama mgeni aliyekaa siku tatu, lakini fadhila yake utaiona kwenye ngozi. Ya mkebe wa kijani mwachie adui yako. Inawafanya watu wote waonekane wametoka kuumwa tumbo. Ya manjano iweke kwenye friji, na asubuhi iache ipate joto kabla hujafungua mkebe, la sivyo itatoka jasho.

Lenzi: hizi pana zinazomeza chumba kizima mimi sizitaki. Ukiwa na hamsini inabidi umsogelee mtu, uombe radhi, ukae naye. Uso haupigwi kwa mbali kama unaogopa deni.

Kuhusu nyuma ya Mpole: ala! Umeona haraka hivyo? Basi ndiyo hivyo, umejua. Imekuwa pale tangu hujazaliwa na sikumwambia mtu. Watu wa kazini wasijue, na mama yako ndiyo kabisa asijue. Una akili, utajua la kufanya.

Huyo mama yako alipita jana kunijulia hali. Nikamwekea chai. Akaitazama, akasema ameshakunywa kwake. Tangu aolewe na kaka yangu, ameshakunywa kwake! Chai yangu ina nini, Jicho? Wifi yangu nampenda, lakini hili linaniuma, sikufichi. Mgeni gani huyo wa miaka yote hiyo ambaye hajawahi kulowesha mdomo kwangu?

Shangazi yako


Bwenini, tarehe 7 Juni

Fundi,

Habari za kazi. Nakutumia lenzi ya zamani ya milimita hamsini. Nyuma yake imeota ukungu, utando mweusi umetanda kioo chote, na naogopa utaambukiza lenzi zangu nyingine. Mwenyewe mzee wangu anaona haya hata kuutaja. Naomba uuoshe uishe kabisa, na naomba iwe siri yetu. Nina majaribio wiki ijayo, kwa hiyo tafadhali usiweke foleni.

Mpiga picha wa bwenini


Kibandani, tarehe 11 Juni

Dada mpiga picha,

Kazi imekwisha. Kioo sasa kinang'aa, inzi akitua atateleza. Ule ukungu nilipougusa tu kwa dawa ulibomoka wote ukawa unga, nikaupuliza. Ila nikuambie, nimeona ukungu wa kila namna kwenye lenzi za watu, lakini wenye mistari iliyonyooka hivi, mmoja unakwenda na mwingine unakatiza, kama umefumwa, sijapata kuuona. Siku hizi hata uchafu una nidhamu.

Bei ni ileile ya siku zote. Salamu kwa mzee wako, mwambie asione haya, kuzeeka ni kwa wote.

Fundi lenzi


Bwenini, tarehe 16 Juni

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Mimi mzima, Mpole mzima, sana tu, ana afya kupita kiasi.

Picha za majaribio zimerudi kutoka maabara jana. Tuliziba madirisha ya bwalo kwa mashuka tukazitazama ukutani. Shangazi, sijui nianzie wapi. Kila kitundu cha kinyweleo kilionekana. Mwigizaji wetu mkuu, mama mtu mzima anayeheshimika, alijitazama, akauliza, "Huyu ni nani, na amefanya kosa gani?" Akaondoka na kiti chake. Mwongozaji akasema, "Hizi ni picha za kitambulisho." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikaenda kulia kwenye kabati la mashuka pamoja na Cherehani.

Nimepewa jaribio moja la mwisho. Kijana wa taa ameshafika, amepewa chumba karibu na changu, kila asubuhi ananisalimia kwa huruma. Huruma yake ndiyo inayoniua.

Kwa hiyo nauliza tu, kuuliza si ujinga: ile hamsini ulikuwa unaifungua tundu kiasi gani? Uso uliuweka upande gani wa dirisha? Filamu nimetumia ya mkebe wa manjano kama ulivyosema, na jasho haikutoka. Kuna kitu chochote, hata kidogo, ambacho hukuniambia?

Jicho


Nyumbani, tarehe 18 Juni

Jicho,

Picha za kitambulisho! Kwa lenzi yangu! Nimesoma barua yako nikaivua miwani, nikaivaa tena, maneno yakawa yaleyale.

Sikiliza. Tundu lifungue karibu lote, usilibane kama mfuko wa bahili. Uso uweke pembeni ya dirisha, hatua moja ndani ya kivuli, na upande wa pili mtu ashike shuka jeupe. Hayo unayajua, nilikufundisha ukiwa bado unafumba jicho lisilo lenyewe.

Ila picha kuwa kali namna hiyo kwa Mpole, hapana, hilo haliwezekani. Au ile ya nyuma imelegea? Ikilegea haina kazi. Iguse kwa kidole pole pole: lazima iwe imekazwa kama ngoma. Kama imelegea, ikaze, bana pembeni kwa utepe mweusi. Kama imechanika, Mungu apishe mbali, niambie mapema.

Shangazi


Bwenini, tarehe 19 Juni

Shangazi,

Ukungu unakazwaje?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sasa nimekaa. Wanasema mficha uchi hazai, kwa hiyo wacha niseme. Nilipomtazama Mpole nyuma niliona utando mweusi, nikajua ni ukungu. Ulipoandika kwamba watu wasijue na kwamba nitajua la kufanya, nikadhani unaona aibu. Nikampeleka kwa fundi. Ameoshwa, Shangazi. Ameoshwa mpaka inzi anateleza.

Niambie nilichoosha ni nini. Nimeshika moyo.

Jicho, ambaye unaweza kumbadilisha jina kuanzia leo


Nyumbani, tarehe 20 Juni

Wewe mtoto wewe!

Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kama kuna msiba. Halafu nikakasirika. Halafu nikacheka tena. Ukungu! Siri iliyowatoa jasho wapiga picha wote wa zamani, wakanunua hamsini kama yangu kwa bei ya kiwanja wasipate kitu, na mpwa wangu mwenyewe ameipeleka ikapulizwe!

Ilikuwa stokingi, Jicho. Stokingi ya mwanamke, nyeusi, ya hariri, nyembamba kama pumzi. Niliikata kipande, nikakitandaza nyuma ya kioo na kukikaza. Mwanga ukipita pale unatulia, ngozi inalainika, macho yanabaki makali. Mpole hana upole wowote. Upole ni wa stokingi.

Nami nilikuwa hapo ulipo wewe. Mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba, mwigizaji mkuu analia kwa uso wake, na mkubwa wangu ameshanitafutia kazi ya kubeba nyaya. Nikakumbuka kwamba wifi yangu, bibi harusi mpya, ameletewa stokingi na kaka yangu kutoka safari. Nikakimbia kwake nikaomba moja. Nilimdanganya kitu fulani, sikumbuki hata nini, maana ningesema ni ya kamera angeona nimerukwa na akili. Nikasema nitairudisha. Ningerudisha nini, nimeshaikata? Ndiyo maana sikutaka ajue.

Sasa usilie. Nenda dukani ununue nyingine nyeusi, ujaribu. Kama haikubali, ya pili ya ile jozi ilibaki kwa mama yako, kama hakuitupa. Lakini mimi siendi kumwomba. Mtu asiyekunywa chai yangu nitamwombaje stokingi yake? Mwombe wewe, ni mama yako, na kovu la kukuzaa analo.

Shangazi yako, bado nacheka


Bwenini, tarehe 23 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uketi kwanza. Na naomba usimwendee Shangazi kabla hujamaliza kusoma.

Zile stokingi nyeusi za hariri alizokuletea baba ulipoolewa, unazikumbuka? Moja Shangazi aliichukua. Aliiweka nyuma ya lenzi yake, Mama. Sinema zake zote, zile nyuso laini ambazo watu walijaa kwenda kuziona, zilipita kwenye stokingi yako. Hakumwambia mtu hata mmoja. Na mimi bila kujua nimeiharibu, kwa kudhani ni ukungu.

Nimejaribu za dukani. Ni za nailoni, zinameta, kila taa imegeuka nyota. Mwongozaji ameuliza kama tunatengeneza tangazo la sabuni. Kijana wa taa ameanza kupanga vitu vyake kwenye kabati langu la mashuka. Jumatatu ni jaribio la mwisho.

Kama ile ya pili bado ipo, nakuomba. Kama ulishaitupa, ningekuelewa, nani anaweka stokingi moja?

Mwanao


Nyumbani, tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa sakafuni.

Naikumbuka siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimezivaa kwa mara ya kwanza. Shangazi yako akaingia mbio, kijasho kinamtoka, anataka moja, upesi. Ya nini, wifi? Ya kuchujia chai, kichujio kimetoboka. Nilikuwa mgeni kwenye ukoo ule, ningemkatalia vipi? Nikaivua mguuni nikampa. Hakungoja hata niifue! Na hakuirudisha.

Sasa niambie wewe uliyesoma, ni mwanamke gani angekunywa ile chai?

Kila nikienda kwake naletewa kikombe, nakitazama, naiona stokingi yangu. Baba yako ndiye aliyekuwa anaongeza cha pili na kusifu kwamba chai ya dada yake ina ladha ambayo haipatikani kwingine. Nikanyamaza kwa ajili ya amani. Leo nimemweleza. Amecheka mpaka ameomba maji ya kunywa, halafu akauliza kama nayo nimeyachuja.

Na mimi miaka yote nadhani amenidharau, kumbe alinipeleka kwenye sinema. Nilizitazama zote zile, mwanangu. Nikilia na kupiga makofi kama watu wengine. Kwa nini asiniambie?

Ya pili ipo. Kitu cha jozi hukitupi, unamngojea mwenzake. Imo kwenye bahasha hii, imefuliwa. Uikate wewe kwa mkono wako, na ubakishe cha kutosha, maana watu wa ukoo wenu mnajua kuomba, kurudisha hamjui. Na jina langu liandikwe mwisho wa sinema pamoja na ya wengine. Kama hamliandiki, irudishe kwa basi hilohilo.

Mama yako


Bwenini, tarehe 2 Julai

Kwa Shangazi na Mama, barua moja, msomeane,

Shikamooni nyote wawili. Nimechelewa kuandika kwa sababu tangu Jumanne tunafanya kazi, kazi yenyewe, si majaribio!

Niliikata kwa mkasi wa kucha huku nimeshika pumzi. Nikaikaza kama ngoma. Tukampiga mama mwigizaji pembeni ya dirisha la bwalo, hatua moja ndani ya kivuli. Picha ziliporudi tukatundika mashuka yale yale. Alipojiona akasogea karibu na ukuta, akasema, "Huyu namjua." Mwongozaji alifuta macho akasingizia vumbi. Kijana wa taa amenisihi nimwambie ni lenzi ya kampuni gani, anataka kununua. Nimemwambia ya zamani, hazitengenezwi tena. Shangazi, nimekosea?

Amebaki kuwa fundi wangu wa taa. Ni mtu mzuri, kumbe ile huruma ilikuwa ya kweli.

Mama, jina litaandikwa. Mwongozaji ameuliza cheo chako kiwe nini. Nimempa nilichokifikiria.

Jicho, jina nimelirudisha


Nyumbani, tarehe 20 Februari

Jicho wangu,

Nimeona umerudi tena kazini hata hatujakaa, kwa hiyo acha nikusimulie ambayo hukuyaona juzi usiku wa sinema ukiwa umejificha kwenye chumba cha mitambo.

Mama yako hakutazama sinema. Alikuwa anangoja mwisho. Kila dakika ananigusa kiwiko: "Bado?" Bado, wifi, huyu kwanza lazima aolewe. Picha ilipokwisha watu wakaanza kunyanyuka, akasimama na mtandio wake, akawaambia kwa sauti, "Kaeni chini, hamjaambiwa nani amefanya!" Na wakakaa, ukumbi mzima. Majina yakapanda. Mpiga picha, wewe. Lenzi, mimi. Chini yangu: *Stokingi, Wifi yake.* Watu wakaangua kicheko, hawajui wanachekea nini. Mama yako hakucheka. Alinishika mkono akaubana, na mimi nikaubana, na tukalia kama wasichana. Nilimwambia ningemwambia zamani zile, na kwamba niliogopa. Akasema, "Na mimi ningekuuliza kama kweli ulichujia chai."

Leo amekuja. Hakubisha hodi, alipitiliza mpaka jikoni. Akafungua kabati, akatoa kichujio, akakiangalia kwenye mwanga mbele na nyuma kama wewe unavyoangalia lenzi. Cha bati, kipya, nilikinunua jana makusudi. Akakirudisha. Akavuta kiti.

Nikamimina. Nyingine nikaimwaga kwenye kisahani, mimi niliyeshika kamera juu ya paa la treni. Akanywa. Nikasubiri. Akanywa tena, akaweka kikombe chini, akasema imekosa sukari.

Nikamwongezea.

Shangazi yako